Si uvivu na si baridi ya usiku, ni viungo

Assalaam aleikum wasomaji wangu. Mwezi uliopita niliandika mistari miwili mitatu tu kuhusu magoti nikadhani yameisha, kumbe nimefungua mlango. Meseji zimekuja za viungo tupu, kutoka Langoni, Mkomani, Shela, Malindi mjini mpaka Mambrui, na karibu zote zina neno moja, baridi. Nina baridi ya mikono, mama ana baridi ya magoti, mzee ana baridi ya kidole cha mguu. Mimi nilikuwa nesi miaka mingi kabla ya kustaafu na hili neno lanisumbua roho, manake ndani ya hiyo baridi kuna magonjwa manne matano tofauti na dawa zake haziendi pamoja, ya huyu yaweza kumdhuru yule. Kwa hivyo leo ukurasa wote ni wa viungo. Nimechagua barua tano, nimezifupisha kidogo na majina nimeyatoa.

Sista, mimi nna miaka 34, nna watoto watatu na naishi kwa mama mkwe. Tangu mfungo sita mwaka jana naamka asubuhi mikono imekaza kama mtu kanifunga kamba, siwezi kukunja ngumi, siwezi kufungua bomba. Mahamri nilikuwa nakanda mimi, kilo mbili kila alfajiri tunauza, sasa ata unga siushiki. Ikifika saa nne saa tano naona afadhali, nafua napika, na hapo ndipo taabu inapoanza, mama mkwe asema mbona sasa waweza, asubuhi ilikuwaje, huo ni uvivu wa kuamka. Mume wangu hasemi kitu lakini nauona uso wake. Nimechuliwa mafuta ya simsim, nimekunywa tangawizi na habasoda, famasi nimepewa diklofenaki, nikimeza napata nafuu nikiacha narudi pale pale. Vidole vimevimba mikono yote miwili na nachoka mchoko wa ajabu, nalala siamki na nguvu. Ni baridi ya kulala chini au nimefanyiwa kitu? — Mama wa watatu, Langoni, Lamu

Waleikum salaam mwanangu. Kwanza hujafanyiwa kitu, na si kulala chini.

Barua yako nimeisoma mara tatu kwa sababu ulivyoeleza asubuhi yako ndivyo alivyokuwa akiieleza dada yangu mkubwa, Mungu amrehemu. Dada alikuwa akishona kofia za mkono, zile za vitundu vidogo vidogo ambazo moja tu yakuchukua miezi, na siku moja baada ya alfajiri nilimkuta amekaa, sindano mkono wa kulia, uzi mkono wa kushoto, anajaribu kutunga. Uzi unapita kando ya tundu, anaulowesha mate, anajaribu tena, unapita kando tena, na vidole vimevimba pale kwenye fundo la katikati kama mtu amemvisha shanga chini ya ngozi. Hakulia. Aliniambia tu, nitungie. Nikamtungia, akaipokea ile sindano akakaa nayo mkononi, hakushona. Mimi wakati ule ni nesi tayari, wa upande wa uzazi, na nilimwambia ni baridi hiyo dada, jichue. Miaka minne alijichua na kumeza vidonge vya dukani, na alipofika kwa daktari anayejua viungo vidole vilikuwa vimeshalala upande mmoja na havikurudi. Kwa hivyo haya ninayokuandikia ndiyo ambayo yeye sikumwambia.

Hebu tazama alama ulizotoa mwenyewe. Mikono yote miwili kwa pamoja, vifundo vidogo vya vidole, kukaza kwa zaidi ya saa nzima kila asubuhi, uchovu usioisha kwa kulala, na imepita miezi. Mimi sikupimi kwa barua, lakini hizo ni alama za rumatoidi athraitisi, ambayo Kiswahili chetu huiita baridi yabisi japokuwa haina uhusiano na baridi ya hewa wala sakafu. Ni kinga ya mwili iliyokosea njia, askari waliowekwa kupigana na vidudu wanaugeukia utando wa ndani wa kiungo na kuushambulia. Wanawake hupata mara mbili mpaka tatu kuliko wanaume, na si ugonjwa wa wazee peke yao, wengi huanza katika umri kama wako huo, na watoto wadogo bado wanavuta nguo.

Sasa nataka kusema na mama mkwe, mtu amsomee. Mama, kwa heshima zako, sikia kwa nini mkwe wako saa moja hawezi na saa tano aweza. Usiku kiungo kimekaa hakitembei, maji ya uvimbe yamejikusanya ndani, na zile kemikali za uvimbe mwilini hupanda zaidi karibu na alfajiri. Akianza kusogea sogea na jua likapanda, kiungo kinalainika. Ndio ugonjwa wenyewe ulivyo, wala haigizi, tena kule kukaza kwa asubuhi ni alama mojawapo ambayo daktari anaiulizia, kunachukua dakika ngapi. Mtu aliyevunjika mguu ana plasta kila mtu aiona akampisha, huyu hana cha kukuonyesha isipokuwa maneno yake. Mkimnyima maneno yake mmemwacha peke yake.

Mwanangu, usisubiri tena. Dawa za ugonjwa huu hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa katika miezi ya mwanzo, kabla mfupa haujaliwa. Nenda hospitali uombe kipimo cha rumatoidi fakta na anti-CCP, ESR na CRP za kuonyesha uvimbe, na eksirei ya mikono na miguu. Na ujue kuna wagonjwa ambao rumatoidi fakta hutoka nagetivu na ugonjwa wanao, kwa hivyo usikubali kurudishwa nyumbani kwa karatasi moja wakati vidole vimevimba. Na hili ni muhimu kuliko yote, piga picha mikono yako kwa simu saa kumi na mbili asubuhi, ikiwa imevimba vile vile, kwa sababu madaktari wa viungo ni wachache na wengi wako Nairobi, na hata ukielekezwa Mombasa basi ni boti mpaka Mokowe, halafu basi, Witu, Garsen, Malindi, kutwa nzima, na ukifika mbele ya daktari mchana mikono imeshalainika, utaonekana mzima. Nimeona wangapi wametoka safari hiyo wakaambiwa huna kitu. Picha haibishani. Kabla hujasafiri ulizia vilevile SHA, ile bima ya afya ya serikali, italipa nini na nini utalipa wewe, usifike ukaishiwa njiani.

Diklofenaki inatuliza maumivu na uvimbe kidogo lakini ugonjwa hauusimamishi, unaendelea kula chini chini, na ikimezwa kila siku miezi na miezi yachoma tumbo, yapandisha presha na kuumiza figo. Dawa inayousimamisha ni nyingine, mara nyingi daktari huanza na methotreksati, na hiyo inataka wiki 6 mpaka 12 ndipo uone kazi yake, wengi huiacha wiki ya tatu wakisema haifanyi kitu. Ukipewa hiyo, ni MARA MOJA KWA WIKI. Chagua siku, tuseme Jumamosi, iandike ukutani, mwambie na mume wako, maana watu wamekufa kwa kuimeza kila siku kama vidonge vingine. Utapewa na asidi ya foliki ya kupunguza madhara, na damu itapimwa kila baada ya muda kuangalia ini na seli. Na ukienda famasi kwa kikohozi au choo usikubali septrini, hizo mbili zikikutana zaua seli za damu, sema pale dirishani natumia methotreksati.

Mambo ya nyumbani. Asubuhi kabla ya kitu chochote weka mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kama dakika kumi, kunja kunjua taratibu humo ndani. Unga akande mtu mwingine, ata huyo mume anaenyamaza ana mikono, wewe sukuma na ukaange baadae kidogo. Tui usilikame kwa kifumbu, kule kukaza na kupinda mkono ndiko kunakovimaliza vidole, tumia blenda na chujio au mtoto mkubwa akamie. Mwiko na kisu vizungushie kitambaa mshiko uwe mnene, kidole kikishika kitu kinene hakijikunji sana. Sufuria inyanyue kwa viganja na mikono mizima, si kwa ncha za vidole, ndoo usiibebe kwa mkono mmoja. Bomba la kuzungusha likibadilishwa la kusukuma kwa kiganja ni shilingi mia kadhaa tu na ni kila siku ya maisha yako. Mafuta ya simsim endelea kama yanakupa raha, kuchuliwa taratibu hakukatazwi, ila siku kiungo kimewaka moto na kimevimba usikubali kukandwa kwa nguvu.

Tena usilale kutwa. Kiungo chataka kupumzishwa kikivimba na kusogezwa kikipoa, utajifunza mwenyewe siku ipi ni ipi.

Kwako sista. Baba yangu ana miaka 61 yuko Malindi. Alikuwa akiumwa viungo miaka, kuna mtu alikuwa akipita na dawa ya unga kwa kikopo, ya miti, haina lebo. Akaanza kunywa, siku ya pili tu baba akainuka akaenda sokoni kwa miguu, tukashukuru. Amekunywa karibu miezi minane. Sasa uso umekuwa wa mviringo umevimba, tumbo kubwa miguu imekonda, akikwaruzwa kidogo tu ngozi yachanika, na juzi amepimwa ana sukari. Yule mtu hajapita wiki mbili dawa imeisha na baba ameanguka chooni, anatapika, hana nguvu. Tumtafutie hiyo dawa wapi? — Mwanawe wa kiume, Malindi

Babangu, wakati unasoma hii natumai baba yako yuko hospitali tayari, manake barua yako ilipofika tu nilikupigia kwa namba uliyoandika. Naijibu hapa kwa sababu najua kuna nyumba nyingine zina kikopo hicho hicho.

Hizo alama, uso wa mviringo, tumbo, ngozi nyembamba, sukari, ni za mtu aliyekunywa steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, muda mrefu. Hakuna mti unaomwinua mtu aliyeumwa miaka kwa siku mbili, steroidi yaweza. Mwaka 1948 huko Marekani daktari Philip Hench wa Mayo Clinic alimdunga kotisoni, ambayo ni steroidi, mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa ameshindwa kutembea, na baada ya siku chache yule mama akatoka kwa miguu yake akaenda madukani. Dunia nzima ikashangaa, 1950 Hench na wenzake wakapewa tuzo ya Nobel. Halafu yakaanza kuonekana ya upande wa pili, sukari, presha, mifupa kuwa laini, macho, vidonda vya tumbo, maambukizi. Dawa ni ya kweli na hospitali bado tunaitumia, prednisoloni kwa dozi ndogo na kwa muda, ikiwa na mtu wa kuhesabu. Tatizo ni kuinywa bila kujua.

Na hii ya kuitia kwenye dawa za "miti" si hadithi ya mitaani. Mwaka 2022 FDA, wale wasimamizi wa dawa wa Marekani, walitoa onyo kuhusu vidonge vilivyokuwa vikiuzwa kama vya asili vya viungo, vilipopimwa vikakutwa na diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa popote kwenye lebo. Deksamethasoni ni steroidi. Sasa kama cha lebo kimekutwa hivyo, kikopo kisicho na lebo je.

Kwa nini ameanguka? Mwili wenyewe hutengeneza steroidi yake kila siku kwenye tezi zilizo juu ya figo. Ukimpa mtu ya nje miezi minane zile tezi zinalala, na ukimkatia ghafla hana ya nje na hana ya ndani, presha yaporomoka, atapika, azimia, aweza kufa. Kwa hivyo kwa wote wenye hicho kikopo nyumbani, USIIKATE GHAFLA na usikitupe, kibebe kikopo mpaka hospitali, kiweke mezani kwa daktari, useme ukweli wa miezi mingapi, ili ashushwe kidogo kidogo kwa vidonge vinavyojulikana. Hakuna wa kumcheka. Mzee alikuwa anaumwa na mtu akamtolea maumivu, nani angekataa?

Miti siipingi, nyanya yangu alikuwa akituchemshia na tukapona. Lakini mganga wa kwetu wa kweli wamjua nyumba yake, anakuonyesha jani na mzizi, na ukizidiwa wamwendea mlangoni. Mtu apitae na vikopo haachi anuani.

Sista mimi ni mvuvi, miaka 47, Shela. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilinishika saa nane usiku kikawaka kama kimekanyagwa na punda, ata shuka ikikigusa napiga kelele. Siku tano kikapoa chenyewe. Sasa imerudi mara ya tatu. Natumia dawa ya presha ile ya kukojoza. Wenzangu wasema niache pweza. — Mvuvi

Kaka, yako yaonekana ni jongo. Chumvi ya asidi ya yuriki imezidi kwenye damu inaganda vijiwe vidogo kama sindano ndani ya kiungo, na gumba la mguu ndilo hupenda kushikwa kwanza, tena usiku. Nenda upimwe asidi ya yuriki, lakini pima tena wiki kadhaa baada ya kupoa, kwa sababu wakati kidole kinawaka kipimo chaweza kutoka cha kawaida kikakudanganya. Na mwambie daktari kuhusu dawa ya presha, zile za kukojoza huipandisha asidi hiyo, labda atakubadilishia, usiziache mwenyewe. Chakula kina sehemu yake, punguza maini na figo na nyama nyekundu, dagaa, kamba, pombe kama watumia hasa bia, na soda za sukari ambazo watu hawazifikirii kabisa. Maji kunywa mengi, wewe washinda juani baharini kutwa. Lakini kwa mtu aliyeshikwa mara tatu chakula peke yake mara nyingi hakitoshi, kuna dawa ya kila siku iitwayo alopurinoli, ulizia hiyo.

Mamangu ana miaka 68, nyumba yetu ni ya mawe Mkomani, chumba chake na choo viko juu, ngazi ni zile za zamani za kusimama. Magoti yote mawili yamuuma, yanalia kama mchanga. Anasema yalianza na ile homa ya 2004. Sasa hashuki wiki nzima, anaswali kitandani, amenenepa, na akishuka twamshika watu wawili. Mimi niko Mombasa kikazi, dada yangu ndie anaemuuguza na amechoka, amekuwa mkali. Tufanye nini? — Kijana wa Mkomani

Ile homa ya 2004 aliipata nusu ya Lamu na zaidi, hakuna aliyekuwepo asiyeikumbuka. Ilikuwa ni chikungunya, homa ya virusi iletwayo na mbu, jina lenyewe ni la Kimakonde, maana yake kujikunja, na walipokuja kupima damu baadae walikuta kama asilimia 75 ya watu wa kisiwa walishapata, kama watu 13,500. Mvua ilikuwa haba mwaka ule, maji yamekaa muda mrefu kwenye mapipa na mitungi ya majumbani, mbu wake akazalia humo humo ndani. Wazee wetu walikuwa wakitia samaki wadogo kwenye birika la chooni ili wale viluwiluwi vya mbu, na naona nyumba nyingi siku hizi birika lipo samaki hakuna, turudishieni. Ndio, chikungunya huacha maumivu ya viungo miezi na kwa wengine miaka, hasa viganja, vifundo vya miguu na vidole. Lakini magoti yanayolia kama mchanga, kwa mama wa miaka 68, yanayouma zaidi akipanda ngazi na kupoa akikaa, kama asubuhi yanakaza si zaidi ya nusu saa, hayo kwa kawaida ni osteoathraitisi, gegedu la kati ya mifupa limechakaa na kiungo kizima kimechoka pamoja nalo. Eksirei ya magoti akiwa amesimama itawaambia.

Kinachonitia hofu zaidi ya goti ni hiyo wiki nzima bila kushuka. Goti linalindwa na nyama za paja, na mama akilala nyama hizo zinayeyuka, goti linauma zaidi, analala zaidi. Hapo ndipo pa kukata. Mumpe zoezi hili leo, hata kabla ya daktari: akae kwenye kiti kigumu, anyooshe mguu mmoja mbele uwe sawa, ahesabu mpaka tano taratibu, ashushe. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza atalalamika kuwa yauma, yauma kidogo ni sawa, ikimuuma mpaka kesho yake punguzeni iwe mara tano. Na uzito, najua kumwambia mama wa kwetu apunguze wali wa nazi ni vita, lakini mwambieni hesabu hii, kila kilo moja anayopungua goti linapunguziwa kama kilo nne kwa kila hatua. Kilo tano si nyingi na goti lazijua.

Ngazi. Kama kuna chumba cha chini, hata kile cha kuwekea vitu, mshusheni mama alale chini, tafuteni kiti cha choo, fundi wa Lamu yeyote akitoboa kiti cha mbao na kuweka ndoo chini yake amemaliza. Mama atakataa kwa heshima yake, chumba cha juu ndicho alichoolewa nacho, usimhamishe kwa amri, mwambie ni mpaka magoti yapate nguvu, na iwe kweli. Ikishindikana basi ngazi iwekwe kamba nene au ubao wa kushikilia upande mmoja, na mfundisheni, kupanda unatanguliza mguu mzima, kushuka unatanguliza mguu mbovu. Mkongojo ushikwe mkono wa upande wa pili wa goti linalouma zaidi, watu wengi huushika upande ule ule. Mbuzi ya kukunia nazi asiikalie tena, kiti cha chini vile ndio adui wa goti. Na kuswali akae kwenye kiti, mgonjwa ameruhusiwa, akiona haya ya kukaa kitini mbele ya watu imamu wenu amwambie, kwa imamu litaingia kuliko kwangu.

Sasa dada yako. Umeandika amekuwa mkali kama kwamba ni tabia. Mtu anaemnyanyua mama mzito mara nne kwa siku, usiku halali, na mgongo wake mwenyewe umeshaanza kuuma lakini hana wa kumwambia, atakuwa mkali. Wewe uko Mombasa wampigia simu kuuliza mama yuaonaje, yeye nani amuuliza? Mtumie pesa ya kumlipa mtu siku mbili kwa wiki ashike zamu, na siku hizo dada atoke nje asiulizwe anakwenda wapi. Na ukija Idi usikae barazani na wenzako, panda ngazi hizo na mama mkononi.

Sista nina miaka 26, nina rumatoidi miaka miwili, natumia methotreksati na naendelea vizuri sana, vidole vimerudi, nimeanza tena kupaka watu hina. Nimeposwa. Mchumba hajui. Mamangu asema nisimwambie mpaka nishaolewa, na kuwa niache dawa kimya kimya nizae haraka. Naogopa vyote viwili. — Binti, Malindi

Hongera mwanangu, kwa posa na kwa vidole. Mpaka hina ya harusi unachora tena, hujui nimefurahi vipi.

Usiache dawa kimya kimya, na usishike mimba ukiwa juu ya hiyo dawa, yote mawili yana hatari na ndio maana lazima lipangwe. Methotreksati huharibu mimba na humuumiza mtoto tumboni, kwa hivyo huachwa mapema kabla ya kutafuta mtoto, kati ya mwezi mmoja na mitatu, daktari wako atakwambia tarehe, na mpaka hapo uzazi wa mpango utumike bila kuruka. Lakini kuacha si kubaki mikono mitupu, kuna hidroksiklorokwini na sulfasalazini ambazo mama mjamzito aweza kuzitumia, utahamishwa kwanza uangaliwe kama umetulia ndio utafute mtoto. Wanawake wengi ugonjwa hupoa wakiwa wajawazito, na wengi hurudiwa miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, wakati ndio unanyonyesha na kubeba, basi miezi hiyo ndio ya kuombea watu mapema waje wakae na wewe, si kungoja uvimbe. Na methotreksati usiianze tena wakati unanyonyesha.

Ndio hapo utaona kumficha hakuwezekani, si kwa sababu ya dhambi wala nini, ni hesabu tu. Utamficha vipi mtu damu inayopimwa kila baada ya muda, kidonge cha Jumamosi, na kwa nini tusubiri mtoto miezi kadhaa? Atakikuta kikopo atadhani ni kitu kibaya kuliko kilivyo. Mama yako anakuogopea, mimi pia ni mama na naelewa, kwa huku kwetu msichana akisemwa ana ugonjwa jina linazunguka mji mzima kwa siku moja. Lakini mwambie mama hivi, ugonjwa huu hauambukizi, si lazima mtoto wako aurithi, na binti yake leo anachora hina kwa sababu ya dawa hiyo.

Mwambie mwenyewe, si kwa simu na si kwa kutumiwa mtu. Mpe mikono yako aishike, mwonyeshe fundo lile ambalo bado limebaki nene kidogo, mweleze asubuhi zako zilivyokuwa na zilivyo sasa. Usimwambie siku ya furaha ya watu wengi, mwambie siku ya kawaida mumekaa na mtu wenu mzima karibu. Halafu mwambie tarehe yako ya kliniki inayofuata na mwombe muende pamoja, akae kwenye kile kiti cha pili ambacho wagonjwa wangu wengi miaka yote waliwekea mkoba. Akienda, utakuwa umeshajua mengi kabla ya nikaha. Na wiki ya harusi shughuli zitakuwa nyingi, singo, kuketi usiku, kusimama na wageni, kwa hivyo mchague mtu mmoja tu katika nyumba, somo wako, yule mama wa kukufunda, afadhali, ajue kwamba Jumamosi jioni una kidonge na kwamba asubuhi ya kesho yake usiamshwe alfajiri, uachwe na beseni lako la maji ya uvuguvugu mpaka vidole vikubali.